Mnyoo na nyangumi: nani mnyama mrefu kuliko wote?

Ukiuliza mnyama mkubwa kuliko wote duniani ni yupi, hata mtoto wa darasa la nne atakujibu bila kusita: nyangumi buluu. Badilisha neno moja, uliza mnyama mrefu kuliko wote, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Vitabu vya rekodi na maswali ya chemsha bongo hutaja mnyoo wa baharini, mwembamba kuliko kidole, anayelala amejiviringisha chini ya mawe kwenye pwani za Norwe, Uingereza na nchi jirani. Jina lake la kisayansi ni Lineus longissimus, na hapa nitamwita mnyoo-gidamu. Anatajiwa mita 55. Nyangumi buluu mrefu kuliko wote katika kumbukumbu za wavuvi hakufika hata 34.

Ukitazama namba hizo mbili tu, mnyoo kashinda na hakuna cha kujadili. Ila ukifuata kila namba hadi ilikotoka, utakuta zimepatikana kwa njia mbili ambazo haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja, na sababu iko ndani ya miili ya wanyama wenyewe.

Tuanze na mnyoo. Mwaka 1864, baada ya dhoruba kali, bahari ilimtupa mnyoo-gidamu mmoja ufukweni katika mji wa St Andrews, Scotland. Aliyeandika habari zake ni William Carmichael McIntosh, mzaliwa wa mji huohuo, daktari kwa taaluma na mtaalamu wa minyoo kwa mapenzi. Dada yake Roberta ndiye aliyemchorea picha za minyoo kwa rangi, na picha hizo hadi leo zinapendeza. McIntosh alikuwa mtu makini, si wa kutia chumvi. Aliandika kwamba mnyoo yule alijaza nusu ya chombo cha kupasulia chenye upana wa inchi 8 na kina cha inchi 5. Yadi 30 zikapimwa bila mnyoo kukatika, na bado lile fundo lilikuwa halijafunguka hata nusu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana rekodi yote imening'inia hapo. Kilichopita kwenye kipimo ni yadi 30, yaani kama mita 27.4. Zilizobaki hazikupimwa, zilikadiriwa kwa macho. Kama fundo halijafunguka nusu, basi jumla ni zaidi ya yadi 60, na yadi 60 ni karibu mita 55. Hivyo ndivyo namba maarufu ilivyozaliwa: kipimo kimoja, neno "nusu", na kuzidisha kwa mbili. Sehemu iliyopimwa kweli ni fupi kuliko nyangumi buluu wa mita 30.

Je, tuitupe? Mimi nisingeitupa. McIntosh alituachia kitu cha pili cha kushika, nacho ni kile chombo. Inchi 8 kwa 5 ni sentimita 20 kwa 13. Nusu yake ni ujazo wa lita 2 hivi. Ukichukua lita 2 za nyama ya mnyoo ukazinyoosha kwa mita 55, unapata utepe wenye upana wa milimita 9 na unene wa milimita 4. Tukikubali kwamba theluthi moja ya ujazo ule ilikuwa maji na nafasi tupu kati ya mikunjo, utepe unapungua hadi upana wa milimita 6 au zaidi kidogo. Mnyoo-gidamu wa kawaida ana upana wa milimita 5 hadi 10. Kwa hiyo chombo hakimsuti McIntosh. Kama mnyoo yule angekuwa na mita 28 tu, angelazimika kuwa mnene kupita kiasi ndipo ajaze nafasi ile. Hesabu hii haithibitishi mita 55, ila inaonyesha kwamba mtu aliyesimama juu ya chombo kile hakuwa anaota.

Hata hivyo minyoo-gidamu wanaokutwa siku zote ni wa mita 5 hadi 15. Wale wa mita 30 ni wa nadra mno. Rekodi ya St Andrews inasimama peke yake, na rekodi inayosimama peke yake lazima itazamwe kwa jicho la kando.

Watu wengi wakishajua hilo humrudia nyangumi kwa furaha, wakidhani kwake mambo yamenyooka. Hayakunyooka. Nyangumi buluu anayetajwa kuwa mrefu kuliko wote ni jike aliyeburutwa hadi kituo cha Grytviken, kisiwa cha Georgia Kusini, mwaka 1909. Aliandikwa kuwa na mita 33.6 hivi. Kituo kile kilikuwa kiwanda cha mafuta. Watu walisimama kwenye damu na mafuta na visu virefu, wakimchuna nyangumi mmoja huku mwingine akisubiri majini. Namna ya kupima ilitofautiana: wengine walipitisha kamba juu ya mgongo wakifuata mbonyeo na mwinuko wa mwili, wengine walipima mstari ulionyooka. Kipimo kinachokubalika leo ni mstari mmoja ulionyooka kutoka ncha ya taya ya juu hadi kwenye pengo la katikati ya mkia. Kamba inayofuata mgongo hukupa urefu zaidi kwa nyangumi yuleyule.

Kisha sheria ikaingia. Mkataba uliotiwa saini London mwaka 1937 uliweka urefu wa chini kabisa wa nyangumi buluu aliyeruhusiwa kuvuliwa: futi 70, karibu mita 21.3. Ukiwa nahodha na nyangumi wako ana futi 68, utafanya nini? Waliokuja kuzichambua takwimu zile walikuta nyangumi wengi wa ajabu wenye futi 70 barabara au juu kidogo, na wachache mno wenye 68 na 69. Kwenye daftari, nyangumi alivutika kwa futi mbili bila kuguswa. Mnyoo wa McIntosh angalau alikadiriwa na mtu asiyekuwa na faini ya kuogopa.

Nyangumi buluu waliopimwa kwa uangalifu na wanasayansi hufika karibu mita 30. Siku hizi hakuna haja ya kumwua mnyama ili umpime. Droni hupaa juu yake akiwa karibu na uso wa maji, kifaa cha leza kinapima kimo cha droni kutoka majini, na urefu unahesabiwa kutokana na picha. Mita chache za kosa la zamani zinaweza kusahihishwa kwa sababu nyangumi ana kitu ambacho mnyoo hana: uti wa mgongo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo ninapoona maelezo mengi yanapopita haraka. Urefu wa nyangumi uko kwenye mifupa. Akiwa hai, akiwa amekufa, asubuhi au jioni, pingili zake ni zilezile. Kule London, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe asilia, kuna mifupa ya nyangumi buluu aliyekwama ufukweni Wexford, Ireland, mwaka 1891. Ana mita 25.2, na ukirudi baada ya miaka mia utamkuta na mita 25.2.

Mnyoo-gidamu hana mfupa hata mmoja. Mwili wake ni mfuko wa nyama uliojaa maji. Kuna misuli inayokwenda kwa urefu na mingine inayozunguka. Ya kuzunguka ikikaza, mnyoo anabanwa, anakuwa mwembamba, na kwa kuwa ujazo wake haubadiliki hana pa kwenda isipokuwa kurefuka. Ya urefu ikikaza, anafupika na kunenepa. Sasa, kwa nini asipasuke au asirefuke bila mwisho? Chini ya ngozi kuna tabaka la nyuzi ngumu zisizovutika, zimemzunguka mwili mzima kwa mizunguko ya kupishana, baadhi zikielekea kulia na nyingine kushoto. Chukua ule mfuko wa wavu wa vitunguu sokoni. Ukiuvuta pande mbili unakuwa mrefu na mwembamba, ukiusukuma unakuwa mfupi na mpana, na hakuna uzi hata mmoja uliorefuka. Kilichobadilika ni pembe ambayo nyuzi zinakatana.

Mwaka 1958 wanasayansi wawili, R. B. Clark na J. B. Cowey, waliifanyia jambo hili hesabu za jiometri. Walionyesha kwamba mrija wenye nyuzi za namna hiyo hubeba ujazo mkubwa kuliko wote pale nyuzi zinapofanya pembe ya digrii 55 hivi na mhimili wa mwili. Mnyoo hubeba ujazo pungufu ya huo. Ile nafasi iliyobaki ndiyo uhuru wake: katikati ya kufupika na kurefuka anakuwa bapa kama utepe, na akifika mwisho wa upande wowote anakuwa duara, nyuzi zimekaza, hapiti tena. Kwa hiyo ule ubapa wa minyoo-utepe, jina ambalo kundi zima la Nemertea, mnyoo-gidamu akiwemo, limepewa kwa ajili ya umbo hilo, ni akiba ya kuvutika. Kwa baadhi ya spishi, unene wa misuli huwazuia wasifike mbali kama hesabu inavyoruhusu. Lakini hata hivyo mnyoo yuleyule mmoja anaweza kutofautiana kwa urefu mara kadhaa ndani ya muda mfupi.

Basi ukisema "mnyoo huyu ana mita 10," umesema alivyokuwa wakati ule ulipompima. Amejinyoosha akitafuta chakula? Amejikunyata baada ya kuguswa? Amekufa na misuli imelegea, huku mawimbi yakimvuta? Umemtia kwenye spiriti akasinyaa? Kila hali ina namba yake na zote ni za kweli. Mnyoo wa St Andrews alitupwa na dhoruba, pengine akiwa ameshalegea, akafunguliwa kwa mikono ya mtu aliyekuwa akimvuta taratibu asikatike. Kama kuna hali inayompa mnyoo urefu mkubwa kuliko zote, ni hiyo.

Sidhani kama hili linaifuta rekodi. Linabadilisha tu maana yake. Nyangumi ana urefu, mnyoo ana upeo wa urefu.

Lakini acha vipimo. Swali zuri zaidi ni kwa nini mnyama aweze kuwa mrefu namna ile na bado aishi, na mnyama mwingine aweze kuwa mnene namna ile na bado aishi. Wote wawili wanakabiliwa na tatizo moja: kila seli inahitaji oksijeni, na oksijeni ikiachwa ijipenyeze yenyewe kwenye maji, huenda polepole kwa namna ya kukatisha tamaa. Kupenya milimita moja huchukua dakika nne hivi. Ungedhani mita moja itachukua mara elfu ya hapo, lakini muda hukua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ni mara milioni moja: karibu miaka minane.

Mnyoo-gidamu amelikwepa tatizo hilo kwa wembamba. Hakuna seli yake iliyo mbali na ngozi kwa zaidi ya milimita chache, na ngozi yenyewe ndiyo inayopumua. Ana mishipa ya damu inayopita mwili mzima, lakini hana moyo. Damu inasukumwa na mishipa yenyewe ikisinyaa pamoja na msukosuko wa misuli. Hana mapafu wala matamvua. Ukimwongezea mita moja, umemwongezea mita moja ya nyama na papo hapo mita moja ya ngozi ya kuipatia hewa. Kila kipande kinajitegemea. Kwa upande wa pumzi, hakuna kinachomzuia kuwa na mita 5, 15 au 55.

Nilipiga hesabu ya juujuu. Mnyoo wa mita 10 mwenye upana wa milimita 5 ana uzito wa gramu 200 hivi, na ngozi yake, ukiitandaza, ni kama sentimita za mraba 1,600. Hiyo ni sentimita za mraba 8,000 kwa kila kilo. Nyangumi wa mita 25 mwenye tani 100, ukimchukulia kama gogo, ana ngozi ya mita za mraba 180 hivi: sentimita za mraba 18 kwa kila kilo. Mnyoo anampita kwa zaidi ya mara 400. Hata kama ngozi ya nyangumi ingeweza kupumua, angekuwa maiti kabla hajazaliwa.

Nyangumi amelitatua tatizo hilohilo kwa njia ya gharama: mapafu, damu nyingi, na pampu. Mwaka 2014 nyangumi buluu alikufa kwenye barafu na kuletwa na maji hadi pwani ya Newfoundland, Kanada. Watu wa jumba la makumbusho la Royal Ontario waliutoa moyo wake, na ulipopimwa ulikuwa na kilo 180 hivi. Miaka mitano baadaye watafiti wakiongozwa na Jeremy Goldbogen wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mapigo ya moyo ya nyangumi buluu akiwa hai baharini, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Walimbandika kifaa kwa vikombe vya kunyonya kwenye ghuba ya Monterey, California. Akiwa chini akila, moyo ulipiga mara 4 hadi 8 kwa dakika, na wakati mwingine ulishuka hadi mapigo 2. Alipopanda juu kuvuta pumzi ulikimbia hadi mapigo 25 hadi 37. Mapigo mawili kwa dakika maana yake unaweza kuhesabu hadi 30 kati ya pigo moja na lingine. Na yale 37 yanaelekea kuwa karibu na mwisho wa uwezo wa moyo mkubwa kiasi kile, yaani mwili huu umeshafika ukingoni mwa kile pampu inaweza kufanya.

Unene ule unamfaa nini? Joto, kwanza. Maji hunyang'anya joto kwa kasi ya mara kama 25 kuliko hewa, na mamalia lazima abaki na joto lake. Ngozi ndogo kwa kila kilo, ambayo ingemwua kama angepumua kwa ngozi, ndiyo inayomwokoa asipoe. Mnyoo hana shida hiyo. Joto lake ni la maji yanayomzunguka. Pili, safari. Nyangumi buluu hula krili, viumbe wadogo wa jamii ya kamba wasiozidi sentimita chache, wanaojaa kwa mabilioni sehemu moja na wasionekane kabisa kwenye mamia ya kilomita zinazofuata. Mahali palipojaa, anaweza kumeza tani 16 kwa siku. Kisha anasafiri kwa akiba ya mafuta. Mwili mkubwa hutumia nishati kidogo kwa kila kilo, kwa hiyo hubeba njaa kwa muda mrefu. Uchunguzi wa visukuku unaonyesha kuwa ukubwa huu wa kupindukia ni wa juzi: umejitokeza katika miaka milioni 3 hivi iliyopita, wakati bahari zilipoanza kukusanya chakula kwa msimu na kwa mafungu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda akauliza kama hawa ni wanyama wa mbali tu. Nyangumi wanaoonekana Watamu na Kizimkazi kuanzia Julai ni wa nundu, ambao huja kuzaa kutoka bahari za kusini. Ila nyangumi buluu wako pia katika Bahari ya Hindi: mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa wimbo wao usiojulikana awali, uliorekodiwa mbali na pwani ya Oman na hata karibu na Madagaska. Minyoo-utepe nao wapo kwenye miamba ya Bahari Nyekundu na Bahari ya Hindi. Mmoja wao, Baseodiscus hemprichii, ni mweupe kama pembe ya ndovu mwenye mstari wa zambarau mgongoni. Hawafiki urefu wa ndugu yao wa Scotland, lakini mwili ni ule ule.

Kuhusu kujilinda, nyangumi buluu mzima anategemea ukubwa wake. Nyangumi wauaji tu ndio wanaothubutu kumvamia, tena kwa kundi. Mnyoo, aliye laini kama ute na asiye na gamba wala mwiba, ameamua kuwa sumu. Ukimshika anatoa ute mzito wenye harufu ya kuchefua. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walieleza walichokikuta ndani ya ute huo: protini ndogo walizoziita nemertidi. Huvamia milango ya sodiamu kwenye neva, yaani vijitundu vinavyopitisha ishara, na kuizuia isifunge vizuri, hivyo neva inaendelea kupiga kelele hadi mwili unapooza au kukakamaa. Kiasi kidogo mno kiliwaua kaa na mende. Milango ya mamalia haiguswi kwa urahisi kama ile ya wadudu, ndiyo maana watafiti wanaitazama kama chanzo cha dawa za kuulia wadudu. Kuwinda nako ni kwa namna yake: ana mkonga uliofichwa ndani ya mwili, unaofyatuka kwa kugeuka nje-ndani na kumzonga mnyoo mwingine, kisha anammeza. Mkia wake unabaki umerundikana chini ya jiwe, haushiriki. Kwa hiyo urefu wake hautumiki kama urefu hata kidogo. Hafikii kitu cha mbali kwa sababu ni mrefu. Nyingi ya mita zile ni utumbo na viungo vya uzazi vilivyopangwa foleni.

Tukiwapima kwa uzito, mchezo unakuwa wa aibu. Mnyoo wa St Andrews, kwa hesabu ya chombo, alikuwa na kilo 2 kwa makadirio ya juu. Utahitaji minyoo 50,000 wa namna hiyo kufikia nyangumi wa tani 100, na ukiwaunga kichwa kwa mkia watanyooka kilomita 2,750, karibu na umbali wa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa. Tena hata kati ya nyangumi wenyewe, mrefu na mzito si lazima wawe mmoja. Jike aliyeandikwa kuwa mzito kuliko wote, tani 190, aliyevuliwa bahari ya kusini mwaka 1947, alikuwa na mita 27.6 tu.

Kuna mahali ambapo minyoo na nyangumi wanapimwa wakiwa pamoja, nako ni ndani ya nyangumi. Yule nyangumi mwenye meno na kichwa kama gogo, ambaye ndiye atoaye ambari, hubeba wageni wawili wa kutisha. Katika kondo la uzazi la majike wake mtaalamu wa Kirusi N. A. Gubanov alimkuta, na mwaka 1951 akamweleza, mnyoo mviringo aitwaye Placentonema gigantissima: mita 8.4 kwa urefu, sentimita 2.5 kwa unene. Ni wa jamii moja kubwa na chango wanaowasumbua watoto wetu, ambao hufika sentimita 30 hivi. Na ndani ya utumbo wa nyangumi huyohuyo huishi tegu aliyeripotiwa kufika zaidi ya mita 30, mrefu kuliko mnyama aliyembeba. Tegu naye ni mpumuaji wa ngozi, tena hata utumbo hana. Anafyonza chakula kwa mwili mzima. Siri ni ileile ya wembamba, na mita zake nyingi ni pingili za mayai zinazozaliwa nyuma ya kichwa na kukatika mkiani, kwa hiyo ukimpima leo na wiki ijayo hupimi nyama ileile.

Kwenye orodha ya warefu wapo wengine wanaovuruga mambo zaidi. Mwaka 1865 Alexander Agassiz aliandika habari za yavuyavu mkubwa wa ghuba ya Massachusetts ambaye nyuzi zake za kuumia zilifika futi 120, zaidi ya mita 36. Kengele yake, yaani mwili wenyewe, ilikuwa na mita 2 hivi. Sasa je, nyuzi zihesabiwe? Kama nyuzi za yavuyavu zinahesabiwa, mbona hatumpimi nyangumi pamoja na mapezi yake?

Halafu mwaka 2020, kwenye makorongo ya bahari karibu na Ningaloo, Australia Magharibi, watafiti waliokuwa kwenye meli ya Falkor walimkuta sifonofori, jamaa wa yavuyavu, wa jenasi Apolemia, ameelea gizani amejizungusha kama mduara juu ya mduara. Mduara wa nje peke yake ulikadiriwa mita 47, na kiumbe kizima kikadiriwa kuzidi mita 100. Hapo mnyoo na nyangumi wote wameachwa nyuma. Isipokuwa sifonofori ameundwa na vimwili vingi vilivyotokana na yai moja, kila kimoja na kazi yake: hawa wanaogelea, hawa wanakula, hawa wanazaa. Vyote vimeunganishwa na hakuna kinachoweza kuishi peke yake. Wapo wanaomhesabu mnyama mmoja, wapo wanaomhesabu koloni. Ukishika la kwanza, mnyoo wa St Andrews kapoteza taji lake. Ukishika la pili analo bado, ilimradi uko tayari kukubali ile "nusu" ya McIntosh. Na ukikataa vyote viwili, ukitaka mnyama mmoja asiyevutika aliyepimwa mwanzo hadi mwisho kwa mstari ulionyooka, basi unabaki na nyangumi buluu wa mita 30.